Kitindamimba Hana pa Kulala

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na mbili zimebaki tuteremke. Mawingu yamekaa juu ya bati letu tangu asubuhi, na kifua cha mke wangu kimeanza kupiga filimbi. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Mvua na baridi zikianza, tunashuka nyumba ya chini, karibu na bahari. Joto la kule likizidi, tunapanda tena huku nyumba ya juu. Watu wanadhani tunaishi kifalme. Ni vyumba viwili huku na viwili kule, na sufuria tunazobeba kwenda na kurudi.

Sisi hatuna tatizo. Tatizo ni gari.

Gari ni la marehemu mkwe wangu. Mimi nimelizidi miaka mitatu tu, na mimi nimestaafu. Rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, taa za mbele za duara. Mzee alilinunua mke wangu akiwa bado anatambaa, akaliita Kitindamimba, maana baada yake hakukuja mtoto mwingine. Wageni wakimwuliza ana watoto wangapi, alijibu watatu: mkubwa wa kiume, huyu wa kike, na yule pale nje. Alipofariki mwaka juzi akamwachia mke wangu. Shemeji, ambaye ndiye kaka yake wa pekee, hakusema neno. Tangu siku hiyo wanapigiana simu siku za sikukuu tu, wanaulizana hali ya hewa. Hawajagombana. Afadhali wangegombana.

Sasa: Kitindamimba hawezi kushuka nasi, hewa ya chumvi itamla mabati. Hawezi kubaki uani, kibanda chake kilichukuliwa na upepo mwezi wa kumi na moja. Alale wapi miezi mitano?

Mke wangu ameshaamua. Alisema huku akikunja shuka, bila kunitazama: "Likae kwa kaka. Alikuwa baba yake pia. Akiwa nalo nusu mwaka, labda tutaanza kuongea tena kama watu wa tumbo moja."

Nikamwambia ni wazo zuri sana.

Ni wazo baya sana! Shemeji alifundisha udereva miaka thelathini. Siku ya mazishi ya mzee nilikuwa nalirudisha gari nyuma ili kulitoa uani, polepole, kwa hesabu zangu. Akaja, akagonga kioo, akaniomba nishuke. Akaingia yeye, akalitoa mara moja kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika leso ya kufutia machozi. Watu wakapiga makofi. Mazishini! Nikimpelekea gari leo, nimekiri mwenyewe kwamba siliwezi.

Lazima nipate mahali pengine kabla mke wangu hajapiga simu.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka mpaka soli zimelia.

Mwalimu mkuu: ukumbi wa shule una nafasi, ila wanafunzi wanafanyia humo mazoezi ya kwaya na ya ngumi. Nikamshukuru. Seremala: alikubali haraka mno. Nikageuka nikamkuta anaipima boneti kwa macho, urefu, upana. Anatafuta pa kupigia randa. Nikaondoka bila kuaga. Mwenye mashine ya kusaga: ghala lake lingefaa kabisa, sakafu ya saruji, kufuli mbili. Lakini limejaa mahindi mpaka darini. Litakuwa tupu mwisho wa mwezi, si kabla. Nimeliandika jina lake nikalipigia mstari.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa mizani serikalini. Nimeshika wauza nyama, wauza sukari, hata mmoja aliyebandika sumaku chini ya sahani. Mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa kupata banda.

Mke wangu anaandika kitu mezani tangu jioni. Nilichungulia. Ni maelekezo kwa kaka yake: gari liwashwe mara ngapi kwa wiki, mlango wa nyuma usibamizwe, kioo cha kushoto kinashuka chenyewe. Ameandika ukurasa mzima, mwandiko mzuri, kama wa barua ya kuomba kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya jambo nitakalolijutia. Tayari nalijutia, na siku haijaisha.

Mke wangu alinituma kwa shemeji nikamwombe nafasi. Kwa simu hakutaka. Alisema jambo kama hili linapelekwa na mtu mzima aliyevaa kofia. Nadhani aliogopa kukataliwa masikioni mwake mwenyewe. Nikavaa kofia. Saa mbili kwa basi, mpaka kule njia panda anakokaa.

Shemeji alinipokea vizuri. Ni hapo ubaya ulipoanza. Kabla sijanywa chai akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Lo! Gereji imepakwa chokaa. Sakafu imefagiliwa mpaka inang'aa. Kuna sinia la kukinga matone ya oili. Ukutani amepigilia ubao wenye blanketi, urefu sawasawa na bampa, ili gari lisijikwaruze. Nikamwuliza ana gari gani. Akasema hana. Alipaandaa tangu walipomzika baba yake, endapo tu mdogo wake atapenda.

Nilikuwa tayari kusema. Kweli nilikuwa tayari. Kisha akanionyesha geti, akasema ni jembamba kidogo, kwa hiyo siku gari litakapokuja mimi nishuke pale nje, ataliingiza yeye.

Damu ikanipanda. Nikamwambia nimekuja kumsalimu tu, na kwamba mdogo wake ameshapata mahali pengine.

Halafu akauliza: "Ni yeye mwenyewe aliyesema hivyo?"

Nikasema ndiyo, ni yeye.

Akazima taa ya gereji. Akanisindikiza mpaka kituoni, akanibebea na mwavuli. Hakunisema hata kidogo. Ningefurahi angenisema.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kaka yake anasikitika, gereji yake imejaa makochi.

Ijumaa, 7 Machi

Hakulia. Alisema "Haya." Akauchukua ule ukurasa wa maelekezo, akauchana vipande vinne, akauweka kwenye jiko la kuni. Kisha akaniuliza makochi ya nani. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema ya jirani.

Jirani! Yaani kaka yake ampe jirani nafasi amnyime yeye. Nilijiona nikilizidisha jambo na sikuweza kujizuia. Masikini mke wangu. Ameshinda akipanga masanduku, anaweka nguo, anazitoa, anaziweka tena zilezile.

Baada ya chakula nilitaka kumwambia ukweli. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni ushauri kuhusu kuni mbichi.

Nitalirekebisha. Nikimpatia gari mahali pazuri, pazuri kuliko gereji ya shemeji, atasahau. Mwanamke akiona gari la baba yake liko salama, moyo utatulia. Ya kaka yake tutayaangalia baadaye.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata! Nilikutana na mfuga kuku mmoja kwenye duka la pumba. Alikuwa analalamika kwamba magunia ya chakula anachonunua hayafiki uzito. Nikajitambulisha. Nusu saa baadaye tulikuwa marafiki.

Ana banda la kuku wa nyama, kubwa, jipya. Ameuza wote wiki iliyopita. Ameliosha, ameua wadudu kwa dawa, amelipaka chokaa, na sasa amelifunga lipumue kabla ya kuingiza wengine. Bati zima, sakafu ya saruji, mapazia ya turubai pembeni, feni mbili, mlinzi, mbwa. Harufu? Ipo, lakini ya mbali. Nimepima mlango: gari linapita, linabaki na nafasi ya viganja viwili kila upande.

Ameniambia wazi, wala hakunificha. Vifaranga elfu moja mia mbili wanafika tarehe ishirini na tisa. Siku hiyo banda liwe tupu. Nikamwambia asihofu. Hesabu yangu ni hii: tarehe ishirini na saba nitapanda basi peke yangu kuja huku juu, ghala la mwenye mashine litakuwa limeshatolewa mahindi, nitalihamisha gari siku moja na kurudi. Nitamwambia mke wangu kwamba naenda kwa daktari wa meno. Malipo: namkagulia mizani yake ya chakula mwaka mzima.

Nilimweleza mke wangu usiku wa leo wakati wa chakula. Nikamwambia ni jengo la kisasa, lina feni, mapazia, hewa safi, linapigwa dawa na wataalamu. Hakuna neno la uongo hapo. Akauliza ni jengo la nini. Nikasema la mambo ya kilimo.

Jumatano, 12 Machi

Kitindamimba amelala.

Mke wangu alitaka kuja kumwona. Nikamwambia jengo lile haliruhusu wageni kwa sababu ya magonjwa. Nalo ni kweli. Basi akamuaga getini kwetu. Alifuta kioo cha mbele kwa ncha ya mtandio wake, akapapasa usukani, akakaa dakika moja kwenye kiti cha baba yake, miguu nje. Nilisimama nikijifanya natazama tairi.

Bandani nimefanya kazi ya kitaalamu. Gari likikaa muda mrefu juu ya tairi, tairi zinabonyea upande mmoja. Kwa hiyo nimeliinua kwa jeki, nikaliweka juu ya matofali, nikatoa magurudumu yote manne. Na hayo magurudumu siyaachi! Shemeji ana ufunguo wa akiba, najua, mzee alimpa. Akipata fununu atakuja alichukue. Bila magurudumu atalichukuaje? Nimewaza mambo yote. Vioo nimeacha wazi upana wa kidole, hewa ipite.

Mfuga kuku aliniuliza, tena mara mbili, kama kweli nitarudi tarehe ishirini na saba, maana kitu kilicho juu ya matofali hakisukumwi. Nikamwambia mimi nimefanya kazi serikalini.

Jumamosi, 15 Machi

Tumeshuka. Bahari ipo palepale, chumvi ipo mpaka kwenye kitasa cha mlango.

Magurudumu nimeyabeba kwenye magunia, nimemwambia mke wangu ni mizani zangu za zamani. Nimeyasukuma chini ya kitanda. Kitanda kimeinuka upande wangu. Ameniuliza mbona analala kama mtu anayeteremka mlima. Nikasema sakafu ya pwani inashuka.

Kifua chake kimetulia. Hataki kutembea ufukweni kama mwaka jana. Anakaa barazani, simu iko mapajani, uso wa simu umegeuzwa juu.

Jumanne, 25 Machi

Salale! Mvua imeondoka na daraja. Redio imetangaza asubuhi: mabasi ya kwenda juu yamesimama mpaka itakapotangazwa tena. Nimekwenda kituoni kuhakikisha. Karani wa tiketi akaniuliza kama ninajua kuogelea.

Nimempigia mfuga kuku mara kumi na moja. Hapatikani. Kule juu mvua ikinyesha, simu nazo zinalowa.

Mchana nilijikaza. Nikakaa karibu na mke wangu barazani nikaanza: "Kuhusu kaka yako..." Aliinua kichwa upesi sana, macho yamejaa matumaini, nikaogopa. Nikamwuliza kaka yake anavaa viatu namba ngapi. Akanitazama. Akasema arobaini na mbili.

Ningesema leo, mambo yangekuwa madogo tu. Kila siku ninayoiacha ipite inaongeza ukubwa wake. Nalijua hilo. Ninaliandika hapa kwa mwandiko mzuri, na kesho nitaliacha lipite tena.

Alhamisi, 27 Machi

Daraja bado. Leo ndiyo siku niliyokuwa niende kwa daktari wa meno. Nimejikuta kweli jino linauma.

Jumapili, 30 Machi

Yamenifika shingoni.

Nilikuwa bafuni. Simu yangu ikaita chumbani, mke wangu akaipokea kwa heshima zake zote. Nilimsikia akisema ndiyo, mimi ndiye mkewe. Kisha akasema: vifaranga gani?

Nilitoka na sabuni masikioni. Alikuwa amekaa kitandani upande wangu, ule ulioinuka. Mfuga kuku alikuwa amepiga kuomba ruhusa. Vifaranga wamefika jana, gari liko katikati ya banda juu ya matofali, halisukumiki. Baridi ikawa kali, vifaranga wakaanza kurundikana na kukanyagana. Yeye, mtu wa akili, akapitisha waya kwenye upenyo wa kioo, akafungua mlango, akaning'iniza taa ya joto ndani, akaweka mia mbili kwenye viti vya nyuma. Gari linashika joto kuliko banda! Hakufa hata mmoja. Alikuwa anauliza kama anaweza kuongeza mia mbili kwenye viti vya mbele.

Mke wangu aliinama, akavuta gunia moja, akalifungua, akaona gurudumu. Akafungua la pili. La tatu hakulifungua.

Akaniuliza jambo moja tu. Hakuuliza habari za kuku. Aliniuliza: "Kaka alisema kweli hana nafasi?"

Nikamwambia. Yote. Gereji, chokaa, ubao wenye blanketi. Nilipofika kwenye ubao akafumba macho.

Alimpigia kaka yake hapohapo, mbele yangu. Nilisikia simu ikiitikiwa. Kisha mke wangu akasema "Kaka." Akanionyesha mlango kwa kidole. Nikatoka uani na sabuni yangu, nikasimama karibu na kamba ya nguo mpaka ikanikaukia mwilini.

Jumanne, 1 Aprili

Hanisemeshi. Chakula napewa, kimefunikwa. Ninasema ahsante kwa kifuniko.

Jumamosi, 5 Aprili

Daraja limefunguliwa jana. Leo asubuhi tulikuwa bandani.

Shemeji alitutangulia. Alikuwa amesimama mlangoni amevaa buti za mfuga kuku, ambazo zilimbana. Hakunisalimu vibaya. Alinyoosha mkono tu apokee magurudumu. Nikampa. Akahesabu. Matatu. La nne nimelisahau kwenye buti la basi! Akaenda kwenye pikapu aliyoikodi, akarudi na gurudumu la akiba, lile la mzee mwenyewe, alilolitunza miaka yote. Alijua nitasahau moja. Inauma mtu kujulikana kiasi hicho.

Basi tukaliona gari. Nitaliandika lote, ndivyo ninavyostahili. Viti vya nyuma havikuwa vyekundu tena. Vilidonolewa mishono, pamba inatoka. Taa ilikuwa imebabua kitambaa cha dari, duara la kahawia lenye upana wa sahani. Vitasa vimeingia weupe kwa ile hewa kali ya kinyesi. Harufu sasa ilikuwa ya karibu. Mfuga kuku alisimama kando, amejaa fahari, akitueleza kwamba wote mia nne, wa nyuma na wa mbele, wameongezeka uzito vizuri, hasa wale wa upande wa dereva.

Mke wangu alifungua mlango wa mbele. Kiti cha baba yake kilijaa vifaranga. Akamwinua mmoja, akamshika viganjani. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua sasa analia, na ni mimi, na hakuna hesabu itakayonitoa hapa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shemeji akasogea, akachungulia ndani, akatazama nyuma, akatazama mbele. Akasema taratibu: "Baba angesema Kitindamimba amezaa. Tena mapacha mia nne."

Kumbe mke wangu alikuwa akicheka, halafu akalia kweli, akaweka kichwa kwenye bega la kaka yake, kifaranga bado mkononi. Shemeji akamshika kisogo kama anavyoshikwa mtoto. Akamwambia pole, mdogo wangu, pole, ningekupigia mwenyewe. Naye akasema hapana, ningepiga mimi. Wakashindana hivyo.

Nami nikacheka kidogo, kujiunga. Wote wawili wakanyamaza.

Walisafisha wenyewe mpaka saa kumi, kwa ndoo, sabuni na brashi ya viatu. Kila mara mmoja anakumbuka jambo: mzee alivyowapakia shuleni, mzee alivyokataza mtu kula ndani ya gari, hata karanga. Mimi nilipewa kazi ya kuhamisha vifaranga kwa kapu. Nilihesabu vizuri. Mia tatu tisini na nane. Wawili wengine wakapatikana chini ya kiti.

Jumatatu, 7 Aprili

Wameondoka na Kitindamimba jana. Shemeji aliendesha, mke wangu pembeni yake, vioo vyote wazi kwa sababu ya harufu, mvua inawaingia, hawajali. Mke wangu atakaa kwa kaka yake mpaka mvua ziishe. Kule njia panda si baridi sana, kifua chake kitavumilia. Wanataka kushona viti pamoja. Shemeji ana sindano ya ngozi, bila shaka.

Kabla hajapanda, alinirudia pale getini. Alinifunga kifungo cha juu cha koti, kama zamani. Akasema: "Kuna neno moja. Unalijua. Umwambie kaka, usiniambie mimi. Siku utakayomwambia, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Nikamwuliza kama laweza kuandikwa. Akapanda gari.

Nyumba ya juu wakati wa mvua si ya mtu. Nguo hazikauki, kuni zinatoa moshi tu. Nimepika uji, umekuwa mwingi. Bado napima maji ya watu wawili. Nimekaa upande wangu wa kitanda, upande wake sijaugusa. Ninamkosa sana mke wangu. Ninaandika hivyo kwa sababu hakuna anayenisikia.

Jumatano, 9 Aprili

Samahani. Samahani, shemeji. Shemeji, samahani.

Nimelisema mara kumi na nne mbele ya kioo, bila kukosea. Ni neno jepesi. Nitapiga simu kesho, saa tatu, akiwa ameshakunywa chai. Nitalisema, nitanyamaza, basi. Mtu mzima akikosa anaomba radhi. Sijui nilikuwa naogopa nini siku zote hizi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilipiga saa tatu kamili. Akapokea upesi. Nyuma yake nilisikia mke wangu akiuliza ni nani, kisha kikombe kikiwekwa mezani, kisha viti vikisogezwa, kama wote wawili wamesimama. Shemeji akasema: "Ndiyo, shemeji. Nakusikiliza."

Alinisubiri. Nasema kweli, alinisubiri kwa upole kabisa, kama alivyokuwa akiwasubiri wanafunzi wake waingize gia.

Nikamwuliza tairi za nyuma amejaza upepo kiasi gani.

Akanijibu. Akaongeza na za mbele. Tukaagana.

Nimekaa jikoni saa nzima nikijitukana. Kisha akili ikarudi. Kosa si langu, kosa ni la simu. Neno kama lile linahitaji watu kuonana. Kule kwake siwezi kwenda, nitakuwa mgeni kwenye ile gereji. Basi aje yeye huku. Na shemeji hawezi kuja bila sababu, lakini akisikia ninaumwa atakuja, moyo wake ni mzuri, hilo nimeliona. Na akija, mke wangu naye atakuja. Watanikuta kitandani. Mgonjwa hadaiwi maneno. Watanionea huruma, watanipa supu, pole itasemwa na wao kwanza, nami nitaitikia, na jambo litakuwa limekwisha bila mtu kuaibika!

Nimeongea na mwenye duka la hapa jirani. Jumamosi atampigia mke wangu, atasema amepita hapa, hali yangu hakuipenda. Nikamsihi asizidishe. Kifua tu.

Nimeanza kukohoa saa tano asubuhi, ili kufikia Jumamosi sauti iwe imezoea. Kikohozi cha kwanza kilikuwa kibovu. Sasa vinatoka vizuri.